Kiu Haitamkwi Chilolwa

Mche namba mia mbili na nne ulianza kulia saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla sijamaliza kujifunga kanga kiunoni. Ndiyo tabia yake. Katika miche mia sita ya bangi iliyomo shamba la dawa la Chilolwa, huo ndio unaodeka kuliko yote. Jua likichungulia tu, wenyewe unataka maji.

Msicheke, mmea hulia kweli. Ndani ya shina maji hupanda kama uzi, na udongo ukikauka uzi huo hukatika vipande vipande, kila kipande kikitoa mlio mwembamba ambao sikio la binadamu halisikii. Ndiyo maana kila mche una sikio lake: kidude kama kibanio cha nguo, kimebana shina juu kidogo ya ardhi. Sikio hupeleka mlio kwa Mizani, mashine inayogawa maji ya Chilolwa; namba ya mche huwaka nyekundu kwenye kibao changu, na Mizani hufungua koki ya mche huo. Kazi yangu mimi, Damari Mheho, mnyweshaji mkuu, ni kuhakikisha maji yakifika yanapokelewa.

Maana udongo wetu una kiburi. Ukishakauka sana haunywi. Uumwagie ndoo nzima uone: maji yatakimbia juu juu, yataishia mtaroni, na chini utakuta vumbi lilelile la jana. Udongo wa namna hiyo unabembelezwa. Unaupa kikombe kimoja, unasimama, unasubiri ubadilike rangi. Ukishalegea ndipo unaupa yaliyobaki, taratibu, kisha unafunika shina kwa majani makavu ya mtama ili jua lisikuibie. Walikuja vijana wa chuo na vitabu vyao, wakamwaga ndoo. Niliwaacha wamwage, kisha nikachimba kwa kidole kimoja nikawaonyesha vumbi.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya mia moja na nne bila mvua. Maua yalikuwa yameanza kufunga, yananata mikononi, na zilibaki siku kumi na saba tuvune. Kutoka kwenye maua hayo hukamuliwa mafuta ya wagonjwa wa kifafa, watu mia saba wa kanda nzima. Mmoja wao ni binti yangu Loisi. Kabla ya mafuta alikuwa akianguka mara kumi, mara kumi na tano kwa mwezi, na shavuni ana kovu la jiko la mkaa ambalo sitajisamehe. Sasa ana miaka kumi na tisa, na huu ni mwezi wa nane hajaanguka hata mara moja. Kwa hiyo mche ukilia, mimi huinuka.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mstari wa tisa, nachunguza mpira wa matone ulioziba, nikasikia naitwa kutoka getini. Alikuwa nesi Tulinagwe wa zahanati, na hakuwa na kawaida ya kukimbia.

"Dada Damari! Mama mkwe wako tunaye zahanati. Amekutwa ameanguka jikoni kwake."

"Presha?"

"Kiu," alisema.

*

Mama mkwe wangu, Bibi Mbeleje, alikuwa amelala na dripu mkononi, na hata katika hali hiyo alikuwa amekifunga kilemba chake sawasawa. Pembeni yake walikuwepo wengine watano. Nesi aliifinya ngozi ya mkono wa bibi, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Umeacha kazi kuja kufanya nini? Mwambie huyu binti anitoe huu mpira, ampe yule mama wa mapacha. Mimi sijambo."

"Anasema hajambo!" Nesi Tulinagwe alitupa mikono. "Figo zake zimekaribia kusimama, naye hajambo. Dada, kwetu Tukuyu mtu akiwa na kiu anasema ana kiu. Mbingu hazianguki."

"Kwenu Tukuyu mvua inanyesha mpaka mnaichukia," nilimjibu.

Nesi si wa kwetu, asingejua. Mama zetu walipitia Ukame wa Ndoo Moja, mwaka ambao nyumba nne zilikuwa zikigawana ndoo moja kwa siku. Mwaka ule, kumwambia mwenzako "nina kiu" kulikuwa ni kumwambia akupe uhai wake akafe yeye. Basi watu wakaacha kusema. Ukame ukaisha, na adabu ikabaki. Mtoto wa Chilolwa hufundishwa kabla hajaota meno ya mbele: ukiulizwa kama una kiu, jibu ni "bado". Mwenyeji anayekujua atakuletea maji hivyo hivyo, nawe utakunywa nusu, utarudisha nusu. Kiu haitamkwi. Anayeitamka anazungumzwa mpaka kisimani.

Na kila siku, asubuhi na jioni saa kumi na mbili, kisanduku cha Mizani kilichopo ukutani mwa kila nyumba huuliza swali moja kwa sauti ya mwanamke mwenye subira: "Nyumba namba fulani, mna kiu?"

Niliinama juu ya kitanda.

"Mama," nilimuuliza Bibi Mbeleje polepole, "Mizani ikikuuliza, unaijibuje?"

Aliniangalia kama niliyemtukania wazazi. "Nitaijibuje? Naijibu kama mtu aliyelelewa. Bado, mwanangu, asante."

*

Yeremia Mazoya, msimamizi wa shamba, alinifungulia chumba cha Mizani bila kuuliza. Ni mtu mpole, mwenye kupenda karatasi zilizonyooka, na siku hiyo nilimwona amenyoa ndevu kwa maji. Nililiona hilo kwanza, na nikajua nimeanza kuwa mkali.

"Nionyeshe za wiki tatu," nilisema.

Kisima kirefu cha Chilolwa hutoa lita elfu tisa kwa siku, hakizidishi. Mizani huyagawa kwa sheria tatu ambazo hata mtoto anazijua. Binadamu kwanza, mifugo pili, mimea tatu. Anayelia zaidi hupata zaidi. Asiyeomba hapewi zaidi ya kima cha chini, lita tano kwa nyumba, iwe ya mtu mmoja au ya watu tisa. Kabla ya Mizani bomba lilishikwa na mkono wa mtu, na mkono huo ulipopendelea, watu walishikiana mapanga. Mume wangu alifia pale bombani, ameshika dumu tupu. Ndiyo maana hakuna mkono unaoruhusiwa kuigusa Mizani, na mpira ukikatwa mahali popote kisima hujifunga siku tatu kwa wote.

Kwenye kioo zilijipanga nyumba sitini na moja. Bado. Bado. Bado. Siku ishirini na moja, nyumba zote, bado. Na chini kabisa lilikuwepo shamba langu, miche mia sita isiyolelewa na mtu, inayolia kwa sauti yake yote mchana kutwa. Lita elfu saba na mia mbili kwa siku.

"Tumewanywa, Yeremia," nilisema. "Tumewanywa watu wazima wazima."

"Usiseme hivyo, mama Loisi." Alikaa chini. "Mizani haikukosea. Iliuliza, wakajibu. Ungetaka iwaite waongo?"

"Nitawaambia waseme."

"Waambie. Ila ukiwaambia, fanya hesabu kwanza." Alivuta karatasi yake iliyonyooka. "Nyumba zote zikiomba, shamba linabaki na lita mia nane. Mia nane kwa miche mia sita, wakati wa maua! Utavuna kuni. Na ukivuna kuni, mafuta mengine ni mwakani. Watu mia saba. Simtaji mtu kwa jina." Kisha akaangalia sakafu, nami nikajua ni Loisi. "Siku kumi na saba tu. Wagonjwa sita wako kwenye dripu, hakuna aliyekufa. Mvua inaweza ikanyesha. Mimi nasema tusubiri."

Laiti ningeweza kusema nilimtukana. Sikumtukana. Nilisimama pale nikafikiria ile miezi minane bila kuanguka, nikafikiria lile kovu, na nikaliona neno la Yeremia ni tamu. Nilitoka, na njia nzima nilikuwa nimeshakubali.

*

Loisi alikuwa kizingitini, amefumba jicho moja, anahesabu matone ya mafuta kwenye kijiko. Matone sita asubuhi, sita jioni. Kichupa kilikuwa na mafuta ya wiki mbili hivi.

"Umerudi mapema, mama. Bibi anaendeleaje?"

Nilitaka kujibu, nikaona midomo yake. Ilikuwa imepasuka katikati, na kwenye mpasuko damu imekaukia. Mtoto ninayelala naye chumba kimoja.

"Lini imepasuka hivyo?"

"Zamani." Alilamba kijiko. "Si kitu."

"Loisi. Una kiu?"

"Bado, mama."

Hapo ndipo niliposhikika. Mimi ndiye ninayekijibu kile kisanduku kila siku, nyumba namba kumi na nane, kwa sauti kavu ya kujivuna: bado. Kisha naenda kazini, na kazini kuna madebe mawili ya maji ya wafanyakazi, nakunywa mpaka tumbo linacheza. Binti yangu anabaki na lita tano za kupikia, kufulia na kuoga, na adabu niliyomfundisha mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo naipenda sana nikiwasema wengine.

Nilimkalisha nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu miche, kuhusu zile lita elfu saba, na kuhusu hesabu ya Yeremia. Sikumficha bei. "Wakisema wana kiu watapona," nilisema, "na wewe unaweza ukaanza kuanguka tena kabla mwezi huu haujaisha."

Kidole chake kilipapasa kovu. Sikumlazimisha achague. Swali kama lile hata mimi mtu mzima nilikuwa nimeshalikimbia mara moja siku hiyo.

Ilikuwa saa saba mchana. Swali la jioni lilibakisha saa tano.

*

Nilianza nyumba ya kwanza kwa pupa, nikaeleza kwa sauti, nikapiga na kifua. "Jioni semeni mna kiu! Maji yapo, yanakwenda shambani kwa sababu hamsemi!" Mzee Meshaki, mwenye nyumba, alinisikiliza hadi mwisho, midomo yake meupe kama aliyekula unga.

"Tumekusikia, mama Loisi. Asante kwa kutujali," alisema. "Ila sisi bado. Waangalie wale wa nyumba ya kumi, wale ndio wana shida."

Nyumba ya kumi wakanielekeza ya thelathini na mbili. Ya thelathini na mbili wakaniambia niende kwa mama wa mapacha, na mama wa mapacha alikuwa zahanati, akisema hajambo. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Kila mlango ulinikaribisha, ukanishukuru, ukanikatalia. Wengine waliona haya kwa niaba yangu, mke wa marehemu anayepita akitamka kiu milangoni mwa watu. Kufika saa kumi na robo nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la njia panda, nalia kwa hasira.

Na nilipokuwa nikijifuta pua kwa kanga nikaona nilichokuwa nikifanya. Mchana kutwa nilikuwa namwaga ndoo juu ya udongo mkavu. Mimi, niliyewacheka vijana wa chuo!

Nilikwenda shambani mbio, nikachukua debe moja la maji ya wafanyakazi na kikombe cha bati, nikajitwika. Nikaanza upya kwa Mzee Meshaki. Safari hii sikutaja kiu.

"Nisaidie, mzee wangu. Maji ya shamba nayaona kama yameingia chumvi, na ulimi wangu umeharibiwa na mafuta ya maua. Hebu onja uniambie."

Kuonja si kunywa. Kuonja ni kumsaidia jirani, na hakuna mtu wa Chilolwa anayekataa kumsaidia jirani. Alipokea kikombe, robo tu, akayatia mdomoni na kuyazungusha kama mtu mwenye kazi muhimu. Kisha akameza. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Nilisimama nikasubiri, kama ninavyosubiri kila siku ya Mungu, mpaka rangi ibadilike.

"Chumvi siioni," alisema kwa sauti iliyovunjika. "Labda... labda nionje tena."

"Onja, mzee wangu."

Alionja mara tatu. Ya tatu machozi yalimtoka, akageuza uso, akaita wake na wajukuu waje nao waonje. Nilipokuwa nikijitwika debe nikamwambia, kama jambo la kupita tu, "Jioni Mizani itauliza." Akaitikia kwa kichwa.

Niliwaonjesha nyumba thelathini na tisa kabla debe halijakauka.

*

Saa kumi na mbili kamili visanduku viliamka. Nyumba zetu zimebanana, na siku ambayo hakuna upepo unaisikia sauti ile ikitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa mlangoni kwangu na Loisi. Yeremia alikuwa amesimama njiani, kofia mkononi, hakuna aliyemwita.

"Nyumba namba moja, mna kiu?"

Mbuzi mmoja alilia mahali.

"Tuna... tuna kiu kidogo," ilisema sauti ya Mzee Meshaki.

"Jibu halijaeleweka. Nyumba namba moja, mna kiu?"

Nilimsikia mmoja wa wakeze akimnong'oneza.

"Tuna kiu!" alipaza mzee, kama anayetukana. "Tuna kiu, tunakufa!"

Mtu alicheka kwa woga, na nyumba ya pili ikasema, na ya tatu. Ya nne ikasema bado, kwa sauti ya mtu anayejutia, na nikauma meno. Ya tano ikasema. Kila nyumba iliyosema, nilikuwa naliona shamba langu likipungua kwa mstari mmoja. Nilifurahi na nilitamani wanyamaze, vyote viwili kwa pamoja, na sitajifanya mtakatifu. Ya kumi na sita ikasema. Ya kumi na saba, ya Bibi Mbeleje, ilikuwa tupu.

"Nyumba namba kumi na nane, mna kiu?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimetembea mchana kutwa kuwafundisha watu neno moja, na neno hilo halikutoka. Nyumba yetu moja tu, niliwaza. Tukisema bado, lita mia moja na tano zitabaki shambani. Hizo ni miche kumi. Miche kumi inatosha kabisa mafuta ya mtu mmoja.

"Nyumba namba kumi na nane, mna kiu?"

"Ba..." nilianza.

Loisi akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama gunzi.

"Tuna kiu," alisema.

Kwa pumzi moja nilimchukia. Halafu nilimshika nikamkumbatia mpaka akaguna. Nyuma yetu bomba la uani likakohoa, likatema hewa, likaanza kumwaga. Alikunywa vikombe vinne mfululizo bila kurudisha nusu, na mimi nikamshikia kikombe.

*

Asubuhi nilikuta shamba zima linalia. Kibao changu kilikuwa chekundu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na Mizani ilikuwa imeleta lita elfu moja na kumi, basi. Nilizima mipira ya matone, maana maji yakigawanywa kwa wote yangekuwa machozi tu. Nikachukua chaki inayotumika kwa ng'ombe, nikaanza kuwekea alama miche mia moja nitakayoinywesha kwa mkono. Hiyo ingetoa mafuta ya watu mia moja. Majina yangechaguliwa kwa kura, na mnyweshaji hana upendeleo. Mche mia mbili na nne niliupita bila kuuwekea alama, kwa sababu unakunywa mno.

Nikasikia miguu getini.

Mbele alikuwa Bibi Mbeleje, ameshikwa kwapani na nesi Tulinagwe, kilemba sawasawa, kikombe mkononi. Nyuma yake njia ilikuwa imejaa watu: Mzee Meshaki na wakeze, wa nyumba ya kumi, wa thelathini na mbili, kila mtu na kikombe au sufuria. Loisi alikuwa katikati yao, midomo imepakwa mafuta ya nazi.

"Tumesikia wagonjwa wako hawana maji," alisema mama mkwe wangu. "Tumewaletea."

Nilifurahi, kisha nikatazama vikombe vyao. Ninawajua watu hawa: wangetoa maji yote wakabaki na kiu. Nilitoka nikafunga geti kwa mgongo wangu.

"Kabla hamjaingia nauliza," nilisema. "Na nitamuuliza kila mmoja, hata jua likiniunguza hapa. Shikamoo, mama. Una kiu?"

Watu walishusha macho. Kumuuliza mkwe wako hivyo, mbele ya kijiji, ni jambo ambalo jana tu lingenifanya nirudishwe kwetu. Bibi Mbeleje alinitazama, kidevu juu, na nikaona lile neno lake la siku zote linavyokuja mpaka kwenye ulimi.

Lilikaa hapo. Nilisubiri.

"Ninayo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nina kiu, Damari."

"Kunywa basi, mama."

Alikunywa mbele yetu sote, nusu kikombe, kidogo kidogo. Alipomaliza nilimfungulia geti, nikamuuliza Mzee Meshaki, naye akanywa akamfuata. Alijikongoja hadi mstari wa tisa, akaupata mche wa kwanza usio na chaki, ambao ulikuwa mia mbili na nne, akapiga magoti kwa taabu. Alimwaga maji kidogo kwenye shina, kisha akanyoosha mkono kumzuia Meshaki aliyekuwa nyuma yake na sufuria.

"Ngoja," alimwambia. "Ngoja kwanza udongo ukubali."